Mipaka ibadilishwe, lakini nani atamwambia shangazi?

Mmeuliza kama mipaka ya wadi, maeneo yanayochagua wawakilishi wa bunge la kaunti, ipitiwe upya kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Mimi ni wa Kilifi, pwani ya Kenya, na jibu langu la kwanza ni hapana. Tuacheni. Kwetu mpaka ukisogezwa inahama basari ya karo, inahama barabara, anahama na mtu wa kupigiwa simu usiku mgonjwa akizidiwa.

Mwaka 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ilipochora wadi 1,450 nchi nzima, kijiji chetu kilitengwa na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Mabaraza 175 ya zamani ya madiwani yalikuwa yanavunjwa, maeneo bunge yanatoka 210 kuwa 290, na kila mdomo ulikuwa na habari za ugavana na useneta. Wadi nani alizijali? Ramani zilitoka kwenye gazeti rasmi la serikali, na gazeti hilo kwetu halifiki.

Tarehe 4 Machi 2013 nilimpeleka shangazi yangu kupiga kura. Hasomi, kwa hiyo nilikula kiapo mbele ya msimamizi wa kituo ili nimsaidie. Foleni ilianza gizani, wazee wamekalia mawe, kina mama na vidumu vyao vya maji. Akapewa karatasi sita. Tano tukazimaliza vizuri. Ya sita, ya mwakilishi wa wadi, akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole picha moja baada ya nyingine hadi chini, akaanza tena juu. "Mbona wangu simwoni?"

Wake alikuwa diwani wetu wa miaka mingi, aliyempeleka mumewe hospitali kwa gari lake, na mumewe alipofariki akaja matangani na gunia la mchele. Nikamnong'oneza kwamba anagombea ng'ambo ya mto. "Nani kamhamisha?" Hajahama, shangazi, tumehamishwa sisi. Watu nyuma wakaanza kuguna. Karani akamwambia, mama, chagua yeyote kati ya hawa. Shangazi akaikunja karatasi bila alama, akaitumbukiza sandukuni. "Nisiyemjua simpi."

Hasira za siku ile bado ninazo. Lakini ukweli usemwe: wadi ya zamani ilitufunga pamoja na mji, na mji ulikuwa unakula vyote. Ni baada ya mpaka mpya ndipo tukapata darasa la chekechea, na mpwa wangu akapata basari ya kidato cha kwanza. Tena mipaka ile ilichorwa kwa hesabu ya watu ya 2009, na watu wameongezeka. Wenzetu wa Kambe na Ribe, jamii mbili zenye kaya zao mbili, misitu mitakatifu ya mababu, wako wadi moja. Wana haki ya kuulizwa kama wanataka kuendelea hivyo.

Basi ipitiwe, ila bila kukimbizana na 2027. Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema kazi hiyo ikikamilika miezi 12 au chini yake kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Na mtu ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu kupinga. Zitamfaa nini aliyeujua mpaka akiwa chumba cha kura? Tume ije kwenye baraza la chifu, izungumze kwa lugha ya wenyeji, itaje mto na shule kwa majina. Ikifanya hivyo, jibu langu ni ndiyo. Isipofanya, hapana yangu iko pale pale.