Mchumi kilimo si bwana shamba

Mdogo wangu uliyeuliza kama mchumi kilimo ni bwana shamba mwenye digrii ya ziada: hapana. Bwana shamba anaangalia mmea, mchumi anaangalia kwa nini mkulima kaamua vile. Kazi yenyewe ni dodoso, kaya kwa kaya. Mama anakwambia kavuna magunia sita ya mahindi. Lazima uulize ni gunia la kilo 100 au lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, na madebe mangapi yalishauzwa kulipa ada kabla hayajahesabiwa. Ukikosea hapo, kompyuta haikuokoi.

Theodore Schultz, aliyepata Nobel ya uchumi 1979 pamoja na Arthur Lewis, alishikilia kwamba mkulima maskini anapiga hesabu vizuri tu kwa kile alicho nacho. Nakubaliana naye. Tazama korosho Mtwara tangu stakabadhi ghalani (mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti, zinauzwa kwa mnada) ianze 2007: ubishi si wa mikorosho, ni wa makato, malipo kuchelewa na kangomba, yaani walanguzi wanaonunua nje ya mfumo huo.

Kusoma, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro ipo. Ajira ni wizarani, halmashauri, benki na miradi, ila mikataba ya miradi huwa mifupi, jipange.