Kuanza baiskeli ya milimani na laki nne mkononi: jibu kwa mdau wa Morogoro

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa laki nne ununue baiskeli gani, na uanzie njia ipi hapa Moro wakati hujawahi kuendesha nje ya lami na kazi yako ni ya kushinda kwenye kiti. Waliotangulia kukujibu wamekimbilia kwenye baiskeli. Mimi naanza na breki, maana ndizo zilizonifundisha huu mchezo, na zilinifundisha kwa kunipiga chini.

Mwaka 2019 nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba iliyotoka Uholanzi. Zote nilizokuwa nimeendesha tangu utotoni zilikuwa na breki ya mbele mkono wa kulia, na hata mitumba ya Japani na Uingereza kwa kawaida iko hivyo. Za Ulaya bara nyingi zimegeuzwa: kushoto ndiyo mbele. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza. Jumapili ya kwanza nikapanda kuelekea Morningside, kule juu kwenye Milima ya Uluguru (kusema kweli niliikokota zaidi ya kuiendesha), nikapumzika, nikageuza. Sikufika mbali. Kwenye kona moja maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya njia. Nikashtuka, nikabana mkono wa kushoto kwa nguvu zote nikijua nabana nyuma. Gurudumu la mbele likagoma palepale, la nyuma likanyanyuka, nikaruka juu ya usukani nikatua kama gunia la mkaa lililokatika kamba. Viganja vilichubuka, na ubavu ulinikataza kucheka kwa wiki tatu. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani akasimama, akanitazama, akaitazama baiskeli: "Pole baba. Kwani hiyo haina breki?" Ilikuwa nazo mbili, nzima kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaugusa mlima, nenda kwenye uwanja wa mpira wa mtaani kwenu, ule wa vumbi, asubuhi watoto hawajafika. Chora mstari kwa kisigino. Njoo kwa mwendo wa mtu anayekimbia, ukifika mstarini bana ya nyuma peke yake, kisha geuka uone alama ya tairi lilivyoburuzika. Halafu jaribu ya mbele peke yake, polepole, kwa kidole kimoja. Utaona hiyo ndiyo inayosimamisha hasa, kwa sababu ukifunga breki uzito wako wote unakimbilia mbele. Kosa langu siku ile lilikuwa kuibana ghafla huku nimekaa kwenye siti, mikono imekakamaa. Kwenye mteremko hukai. Unasimama juu ya pedali, pedali zote mbili zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea, makalio yamerudi nyuma. Breki unafunga kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, ukishaingia ndani yake unaachia. Na macho yaende unakotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga, sijui kwa nini ila ndivyo ilivyo.

Nilifanya zoezi hilo jioni nne mfululizo mpaka vijana wa mtaani wakaanza kunicheka. Sijaruka usukani tena.

Usidhani lazima uwe na baiskeli ya mamilioni. Jamaa walioanzisha mchezo huu California, maeneo ya Mlima Tamalpais miaka ya 1970, walishuka na baiskeli kuukuu nzito ambazo breki yake ni kurudisha pedali nyuma. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua yote, wakifika chini lazima waifungue waijaze upya, ndiyo maana njia yao moja ikaitwa Repack. Kufikia 1996 mchezo ukawa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Walianza na vyuma ambavyo fundi wa kwetu angekwambia ukauze skrepa.

Sasa hela yako. Zile mpya zinazong'aa, zenye springi katikati ya fremu, laki tatu na nusu dukani, zipite. Springi ya bei hiyo ni uzito tu, na ukipanda kilima inakula nguvu zako, kila ukikanyaga inabonyea. Tafuta mtumba wa fremu ya alumini, wenye shokapu mbele tu au usio nayo kabisa, na ukiweza uwe wa tairi la inchi 26. Tairi la 29 linapita mawe vizuri zaidi, sikatai, ila tyubu zake mimi nimewahi kuagiza Dar wakati za 26 zimejaa mjini.

Nenda na fundi wako, mnunulie soda. Akiwa hayupo, nyanyua mbele uzungushe gurudumu, uone kama ringi inayumba. Bana breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, usukani umelegea au bakuli za gololi zake zimekwisha. Tazama meno ya gia, yakiwa yamechongoka kama ya papa, punguza bei kwa sababu utabadilisha na cheni yake. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu. Ufa ukiuona, ondoka, hata wakikupa bure.

Siti iwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedali iliyoshuka chini kabisa mguu unanyooka. Ukianza kushuka mteremko mkali, ishushe kidogo. Wengi wetu tunaiweka chini muda wote, halafu tunalalamikia magoti.

Njia: mwezi wa kwanza zunguka barabara za vumbi za Kihonda, ni tambarare, unazoea gia. Badilisha kwenda nyepesi kabla kilima hakijaanza. Ukichelewa, cheni inalia na mguu unagoma. Kisha sogea Bigwa, chini ya mlima. Morningside iache mwezi wa tatu. Ukitaka kupita hapo uingie msituni, ile ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kaulizie utaratibu kwanza. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) mpaka gurudumu halizunguki. Na asubuhi akina mama wanashuka na mizigo ya sokoni: simama, wapishe, salimia. Njia ni yao kabla haijawa yetu.

Kihonda kiangazi utakutana na mbigiri. Niliwahi kuziba tyubu moja mara tatu siku moja, nikamlaumu fundi na solusheni yake, kumbe mwiba ulikuwa umebaki ndani ya tairi. Kila pancha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Upepo nao usikubali ujazwe mpaka tairi liwe jiwe. Mimi mwenye kilo 74 natumia kama psi 30, linashika njia na halinirushi.

Usimalize laki nne kwenye baiskeli. Bakiza ya helmeti, tyubu mbili, viraka na pampu ndogo. Baiskeli ikija na valvu nyembamba, tafuta na kile kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake, maana pampu nyingi za mafundi wa barabarani hazishiki valvu hizo. Mimi niliikokota kutoka Bigwa mpaka mjini, jua la saa saba, kwa kukosa kitu cha elfu mbili.