Highland Park, New Jersey: angalia mto kabla ya kodi

Dada, nimekuelewa: mumeo kapata nafasi chuo kikuu cha Rutgers, mna watoto wawili na hamna gari, na unauliza kama Highland Park panawafaa. Mimi nimepanga pale miaka mitatu. Panafaa, ila chagueni mtaa kwa makini.

Ni boro, mji mdogo wenye meya na baraza lake, chini ya kilomita 5 za mraba. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 15,072, kwa hiyo nyumba zimebanana na mengi yako karibu kwa miguu. Stesheni ya treni hamna. Mnavuka daraja la mto Raritan hadi New Brunswick. Tafuteni karibu na Raritan Avenue, upande wa darajani. Ukiwa mpakani na mji jirani wa Edison, mbali na daraja, kutembea na mtoto mgongoni kwenye theluji ni kazi kweli.

Jambo linalonitia wasiwasi ni maji. Bustani ya Donaldson iko chini kabisa, kandokando ya mto, na mvua kubwa huifunika. Ukionyeshwa chumba cha chini ya ardhi, chungulia nyuma ya tanki la maji ya moto: mimi niliona mstari wa matope ukutani, usawa wa goti. Nikaondoka.

Muulize mwenye nyumba habari za mafuriko kwa maandishi. Sheria ya jimbo inamtaka awaambie wapangaji. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko, kwa hiyo ongea na wakala wa bima kabla hujasaini.