Mchanganyiko wa nini tena?

Barua ni nyingi. Zile za kuuliza namna ya kuondoa harufu ya friji nimeziweka kando, maana jibu mlishapewa: tupeni kilichooza kwanza. Tuanze na hizi.

Shikamoo Bibi. Sinki la jikoni limeziba. Nimemwagia siki na soda ya kuumulia, likatoa povu jingi, lakini maji hayaendi. Niongeze kiasi gani?

Marahaba. Usiongeze kitu. Siki ni asidi na soda ni alkali. Zikikutana zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, na povu lile ni hewa ya ukaa inayotoka. Linapendeza macho, ila mafuta yaliyoganda bombani haliyagusi. Kila moja peke yake ina kazi: siki huondoa chokaa iliyoganda ndani ya birika, soda husaidia kusugua masizi. Ukizitia pamoja umenunua vitu viwili ili upate maji.

Sasa sinki lako. Mwaga maji ya moto kiasi, kisha tumia kile kimpira chenye mpini cha kuzibulia. Kama sinki lina tundu la pili, lizibe kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo unapampu hewa bure. Likigoma, weka ndoo chini ufungue kiwiko cha bomba kilichopo chini ya sinki. Mara nyingi uchafu umejikusanya humo. Na mafuta ya kukaangia hayamwagwi sinkini. Yaache yapoe, yafute kwa karatasi, yatupe na taka. Aliyeyamwaga nadhani unamjua, tena kwa jina.

Nifanyeje nisilie ninapokata vitunguu?

Noa kisu. Kisu butu hukiponda kitunguu badala ya kukikata, na gesi inayowasha macho hutoka kwa wingi zaidi. Habari za kung'ata mkate waachieni wenye muda.

Bibi, nikichanganya dawa ya klorini na siki, choo kitang'aa zaidi?

Nimelijibu hili mpaka nimechoka, na bado linakuja. Hapana! Klorini ya kufulia ikikutana na siki, ndimu au dawa yoyote ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na dawa yenye amonia inatoa gesi nyingine ya kuunguza mapafu. Chooni mara nyingi dirisha ni dogo na mlango umefungwa, na wewe umeinama juu ya bakuli. Ukishasikia harufu kali na kifua kinabana, toka nje upate hewa safi. Usirudi kumalizia usafi. Anayeendelea kukohoa au kupumua kwa shida apelekwe hospitali.

Anayetaka choo king'ae asugue kwa sabuni kwanza, asuuze, ndipo atie klorini peke yake na kuiacha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huohuo.

Hili hamkuniuliza, lakini nalisema: klorini, mafuta ya taa na dawa za wadudu hazihifadhiwi kwenye chupa za soda wala za maji ya kunywa. Mtoto haoni dawa pale, anaona kinywaji. Akishakunywa msimtapishe. Mpelekeni hospitali haraka, na chupa mwende nayo.

Mchuzi umezidi chumvi. Nasikia kiazi kinaivuta?

Kiazi kinakunywa mchuzi mzima, maji na chumvi yake. Kinachobaki sufuriani kina chumvi ileile, ila umepungukiwa mchuzi. Ongeza maji, au pika sehemu nyingine bila chumvi uchanganye. Safari ijayo onja kabla mkono haujarudi kwenye kopo.

Sufuria ya alumini iliungua. Nikaichemshia soda ya kuumulia, sasa imekuwa nyeusi. Nimeiharibu?

Hujaiharibu, umeitia weusi tu. Alkali hushambulia utando wa juu wa alumini, na magadi hufanya hivyohivyo. Soda iache kwa sufuria za chuma kisichoshika kutu. Hii yako ichemshie maji yenye ndimu au siki kidogo, weusi utapungua. Ukoko wenyewe ulowekwe kwa maji ya moto na sabuni usiku kucha. Ninyi mnaniandikia kutafuta unga wa ajabu ilhali hamjaloweka hata saa moja.

Doa la damu kwenye shuka?

Maji baridi, mapema. Ya moto huligandisha kwenye uzi.

Yai likielea majini, limeoza?

Si lazima. Ganda lina vitundu vidogo. Kadiri siku zinavyopita, maji ya ndani hupotea na hewa huingia. Kuelea kunakuambia umri wake, si zaidi. Livunje kwenye bakuli la pembeni unuse. Kinachonikera ni anayelivunja moja kwa moja juu ya unga wa keki, kisha ananiandikia kuuliza kama unga unaokoleka.

Mafuta yakishika moto jikoni, ni bora maji au unga?

Vyote viwili ni hatari. Maji huzama chini ya mafuta na kugeuka mvuke ghafla, na mvuke unahitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji, kwa hiyo mafuta yanayowaka hurushwa mpaka darini. Unga nao huwaka, tena ukitimka hewani unaweza kulipuka. Zima jiko kama unaweza kufika bila kupitisha mkono juu ya moto. Telezesha mfuniko wa chuma juu ya sufuria na usiufunue kuchungulia mpaka ipoe kabisa. Usiibebe kuikimbiza nje. Moto ukishapanda ukutani, toeni watu, fungeni mlango, pigeni simu zimamoto mkiwa nje. Na huo mfuniko uwe mezani kabla hujamimina mafuta, usiwe wa kutafutwa kabatini.