Binti wa kidato cha tatu anataka udaktari wa watoto: njia niliyopita mimi

Wa aleikum salaam, dada yangu. Umeuliza binti yako hapo Malindi afanye nini ili awe daktari bingwa wa watoto, na kama kazi hiyo inalipa. La kulipa nitalifikia.

Akazanie bailojia, kemia, fizikia na hesabu. Chuo kikuu ni miaka 6, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini, halafu atafanya kazi kama daktari wa kawaida kabla ya kurudi chuoni kusomea ubingwa, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Mimi niko kwenye ngazi hiyo ya mwisho. Ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni.

Mtoto mchanga hakwambii anaumwa wapi, kwa hivyo tunafundishwa kutazama kabla ya kugusa. Unamwacha mapajani mwa mamake, kifua wazi, unahesabu pumzi kwa dakika nzima, maana mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, ni mbio. Aliyetimiza mwaka hadi chini ya miaka 5, ni 40. Akianza kulia, subiri atulie, uhesabu upya.

Lakini kilichonishika hasa ni selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hukingika sana na malaria kali, ndiyo maana imeenea Pwani. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Miezi ya mwanzo huonekana mzima, kwa kuwa bado ana damu ya aina aliyokuwa nayo tumboni. Ikishapungua, viganja na nyayo huvimba, mtoto hapati usingizi, na nyumbani wanamkanda mafuta wakidhani ni baridi. Kliniki mimi hushika vidole vya mama nikaviweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, aisikie bandama. Akishaujua ukubwa wake wa kila siku, ikifura ghafla na mtoto akapauka, hangoji kupambazuke. Kwa mama wa kisiwani, ambaye boti ya usiku ni ya kutafuta, hilo naliona kubwa kuliko karatasi yoyote ninayomwandikia. Dawa zipo pia: penisilini kila siku hadi miaka 5, na haidroksiyurea ya kupunguza vipindi vya maumivu.

Binti akipenda utafiti, Kilifi hapo jirani kuna kituo cha KEMRI-Wellcome Trust tangu 1989, na maradhi ya watoto ni kazi yao kubwa.

Sasa malipo. Ataishi vizuri, ila asitegemee utajiri. Baadhi ya kaunti humpa daktari likizo ya masomo yenye mshahara, kwa mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti. Aiulizie mapema, kabla ya kuomba nafasi ya ubingwa, kwani asiye nayo mara nyingi hujilipia karo na bado anafanya zamu za usiku kama wenzake.