Mabango ya zamani: usiyapige lamineshi

Ndugu, umeuliza kama mabango ya chama cha TANU na ya NUTA, chama cha wafanyakazi, aliyokuachia marehemu baba mdogo uyapige lamineshi kabla ya kuyauza hapa Mwanza. Tafadhali usithubutu! Ile plastiki haitoki tena, na mkusanyaji makini hatayagusa. Adui yako ni unyevu wa ziwa: yalaze bapa kwenye boksi, mbali na ukuta na sakafu. Selotepu ya zamani iache ilivyo. Ukiivuta itaondoka na wino. Umri utausoma kwenye majina: NUTA ilianza 1964, JUWATA, chama kingine cha wafanyakazi, ikashika nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1970, na TANU iliungana na ASP ya Zanzibar kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Yaliyo mawili mawili ndiyo ubadilishane. Lile la ushirika wa pamba, kama ni moja tu, mimi nisingeliuza.