Mlango Ukiwa na Kufuli, Usipime Mtoto wa Jirani

Kuna mwanafunzi wa afya ya jamii aliyeniandikia juzi: "Dada, nikipata watoto mia tano kliniki ya Mathare, si wanatosha kuwakilisha Nairobi?" Hawatoshi, mdogo wangu, hata wakiwa elfu tano. Kliniki inakupa watoto waliopata wa kuwaleta. Ukikosa njia nyingine, andika wazi kwamba umepima watoto wa kliniki, basi. Si aibu.

Mimi nimepima urefu wa watoto nyumba kwa nyumba miaka mingi, kujua wangapi wamedumaa, na acha nijisifu kidogo, kaya za kwangu hazibaki na mapengo. Mradi mmoja ulitupeleka mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, kwenye zile ghorofa ambazo ngazi zake ni giza hata adhuhuri. Kaya iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ilikuwa juu kabisa, mlango una kufuli. Mama wa mlango wa pili akatoka na mtoto mnene, anacheka: "Si mpime huyu wangu?" Msimamizi akasema pima, twende. Nikakataa. Tuliyemtaka alikuwa deikea, mamake kibaruani Industrial Area mpaka usiku. Tukarudi saa mbili. Mwenzangu akashika kichwa, mimi nikanyoosha magoti kwenye ubao, mama akatumulikia kwa simu. Kesho yake msimamizi akanicheka mbele ya timu eti najifanya profesa, na mradi uliofuata sikuitwa. Bado inaniuma, sitadanganya.

Lakini mtoto anayeshinda na mamake na yule wa deikea hawali sawa. Ukibadilisha milango, udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, unapungua kwenye karatasi tu. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, uliokuta asilimia 18 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ulichagua kaya mapema na haukuruhusu kubadilisha hata moja.

Msiniambie "tutasawazisha kwa kompyuta." Kompyuta inasawazisha kinachojulikana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi na kama 144,000 Lamu. Ukipima kaya nyingi Lamu ili kaunti ipate takwimu zake, unapunguza uzito wa kila mtoto wa huko kwenye hesabu (si kilo zake) unapojumlisha nchi, hesabu inakaa sawa. Kwa mlango wa kufuli, kompyuta inakisia tu kwamba aliyekosekana anafanana na waliopatikana. Nani kakuambia wanafanana?

Kwa hivyo rudini jioni, rudini Jumapili. Kilimani tatizo ni soja wa geti, kwa hivyo barua imfikie keateka kabla yenu. Na vijana wangu, msiamini orodha ya zamani ya kaya. Kandokando ya mto Mathare nyumba zilibomolewa baada ya mafuriko ya 2024, na orodha ya 2019 bado itakutuma huko. Tembea eneo lote na mzee wa mtaa, andika kila mlango upya, hata chumba cha nyuma ya duka, ndipo uchague.